Betri Iliyozeeka na Dereva Aliyeshukiwa



Mazungumzo ya leo hayahusu mikutano ya wakubwa. Yanahusu betri ya gari, na mtu mmoja ambaye nusura apoteze kazi yake na jina lake zuri kwa sababu betri hiyo ilizeeka na wenye gari hawakuwa na habari. Yamkini mtauliza: betri ina nini nasi tulioapa kulinda nchi na sheria? Inatuhusu sana. Wizi wa petroli unaposhukiwa, nyinyi ndio mnaoitwa kuandika jalada. Magari ya serikali, nyinyi ndio mnaoyaendesha na kuyatunza. Tena wengi wenu, baada ya kuweka akiba miaka mingi, hununua gari lililokwisha kutumika ng'ambo, na hapo ndipo mtu hununua betri bila kujua kwamba ameinunua.

Tuanze na petroli yenyewe. Nchi yetu haina kisima cha mafuta wala bandari ya bahari. Kila lita inayoingia Bujumbura imenunuliwa kwa fedha za kigeni na kusafirishwa mwendo mrefu, sehemu kubwa kutoka Dar es Salaam. Tangu mwaka 2021 tumepita vipindi vingi vya uhaba, na katika mwaka 2024 na 2025 magari yalilala kwenye misururu mbele ya vituo, wenye magari wakilala ndani yake. Umeme, kwa upande wake, tunauzalisha kwa maji ya milima yetu: Rwegura yenye megawati 18 inafanya kazi tangu miaka ya 1980, na katika maporomoko ya Rusumo tunagawana megawati 80 na ndugu zetu wa Rwanda na Tanzania. Umeme huo hautoshi, nao hukatika. Lakini hauhitaji dola kila unapowashwa. Ndiyo maana watu wa mji huu wameanza kuyatazama kwa jicho la hamu magari ya haibridi yanayochajiwa kwa waya.

Gari la namna hiyo lina injini ya petroli kama gari lolote, na pia lina mota ya umeme na betri kubwa inayojazwa kutoka ukutani. Likitoka nyumbani limejaa chaji, huenda kwa umeme mtupu kilomita kadhaa. Chaji ikipungua hadi kiwango kilichowekwa, injini huwaka yenyewe na safari huendelea. Kampuni ya BYD ya China ilianza kuyauza mwezi wa Desemba mwaka 2008, Wamarekani wakafuata mwaka 2010 na Chevrolet Volt, kisha Wajapani. Yale yanayotufikia sisi aghalabu ni ya Kijapani, usukani upande wa kulia ilhali sisi twaendesha upande huo huo wa kulia wa barabara, na aghalabu yamekwisha kula miaka yao mizuri kwa watu wengine.

Sasa kisa chenyewe. Idara moja hapa mjini, ambayo sitaitaja, ilikuwa na gari moja la aina hiyo. Liliundwa mwaka 2014 na kufika Bujumbura mwaka 2017. Betri yake iliandikwa uniti 12, yaani kilowati 12 kwa saa moja. Dereva wake alikuwa askari mstaafu, mtu wa makamo, mnyamavu, anayeandika kitabu cha safari kwa mwandiko wa shule. Katika mwaka 2017 kitabu hicho kilionyesha lita 26 za petroli kwa mwezi. Mwaka 2025 kikaonyesha lita 58. Safari zilikuwa zile zile: kilomita 40 kwa siku mjini, siku 22 kwa mwezi, na safari moja ya kwenda Gitega na kurudi. Mhasibu akatoa 26 katika 58, akapata 32, na katika barua yake kwa mkuu wa idara akaandika kwamba lita 32 za petroli zinapotea kila mwezi. Hakuandika kwamba zinaibiwa. Lakini katika mwaka ambao lita moja ya petroli ilikuwa na thamani ya dhahabu kwa walanguzi, neno "zinapotea" lilimtosha kila msomaji.

Dereva aliitwa, akasema maneno machache: "Shefu, petroli sikuiuza. Gari limechoka." Alipoulizwa limechoka vipi, hakuweza kueleza. Jalada likafunguliwa. Mimi niliitwa kwa sababu moja tu, kwamba zamani nilifundisha fizikia na mkuu wa idara alinikumbuka. Nikamkuta hapo mpelelezi wa polisi, kijana wa maneno machache vile vile, ambaye alikwisha kufanya yale ambayo mpelelezi hupaswa kufanya: alikagua tangi kama lina alama ya mpira wa kunyonyea, akaenda kituoni kulinganisha stakabadhi, akawahoji walinzi. Hakupata kitu. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mwingine aliyeliuliza: "Siku gari hili lilipofika, nani aliipima betri?"

Hakuna aliyeipima. Mkuu wa idara akatoa kitabu cha kiwanda, akaonyesha kwa kidole mahali palipoandikwa kwamba gari huenda zaidi ya kilomita 50 kwa umeme. "Hizi hapa," akasema, "na leo haliendi hata nusu."

Ndugu wasikilizaji, nambari ya kitabu ni ya kweli, lakini ni ya kweli mahali pengine. Hupatikana ndani ya chumba cha majaribio, gari likizungushwa juu ya magurudumu ya chuma, bila mlima, bila mashimo, bila kiyoyozi. Tena kila nchi ina kipimo chake. Chukueni Toyota Prius ya kuchaji iliyotolewa mwaka 2017, yenye betri ya uniti 8.8. Kipimo cha Japani kiliipa kilomita 68.2 kwa umeme. Kipimo cha serikali ya Marekani kiliipa maili 25, yaani kama kilomita 40. Betri ni moja, na gari ni moja. Mtu aliyenunua gari la Kijapani na kulihukumu kwa kitabu cha Kijapani angeweza kusema kwamba limepoteza zaidi ya theluthi moja ya nguvu zake siku ile ile lilipotoka kiwandani.

Mhasibu naye alikuwa na ushahidi wake: kioo cha dashibodi. Asubuhi moja kilionyesha kilomita 19, asubuhi nyingine 27, na tofauti hiyo ikamzidishia shaka. Lakini ile nambari haipimi chochote. Kompyuta ya gari hutazama jinsi lilivyoendeshwa siku zilizopita, kisha hubashiri. Kama jana lilishuka kutoka Bugarama, leo litaahidi mengi. Kama lilisimama katika msongamano wa sokoni huku kiyoyozi kikivuma, litaahidi machache. Betri haikubadilika usiku ule. Waliotumikia Somalia kati ya mwaka 2007 na 2024 wanakumbuka redio za mgongoni katika joto lile: alama inaonyesha imejaa, na ukibonyeza ili kusema, sauti inakufa. Ile alama ilieleza kujaa kwa kile kilichobaki. Haikueleza kilichobaki ni kiasi gani. Debe lililokatwa katikati nalo hujaa hadi ukingoni.

Basi tukakubaliana kupima kitu kimoja tu, nacho ni umeme unaoingia. Naeleza kwa kirefu, kwa sababu kazi hii yeyote kati yenu anaweza kuifanya bila fundi na bila chombo cha bei kubwa.

Jioni tulitoka na gari likiwa limejaa chaji, tukashika barabara ya Cibitoke katika bonde la Imbo, ambako ardhi ni tambarare. Tulikuwa watu 3, kiyoyozi kimewashwa kama siku za kazi, mwendo wa wastani. Injini ilipowaka yenyewe tukaandika kilomita: 22. Tukarudi polepole, tukiangalia dereva asibonyeze ile swichi inayoiamuru injini ichaji betri njiani, kwa kuwa hilo lingeharibu hesabu yote. Tulipofika uani tukazima taa za jengo, friji ya jikoni na kila kilichokuwa kikila umeme katika mita ile, mita ya kulipia kabla ambayo wengi huiita Cash Power. Tukaandika nambari ya mita, tukachomeka gari, na mlinzi akaambiwa asichemshe chai. Alfajiri tukasoma tena: uniti 5 na nusu. Tukarudia kwa siku mbili zaidi, maana kipimo kimoja huweza kudanganya. Tofauti haikuzidi sehemu moja ya kumi ya uniti.

Mhasibu alikuwa mwepesi wa hesabu. Akagawa 5.5 kwa 12 na kutangaza kwamba betri imebaki chini ya nusu. Hapo napenda tutulie kidogo, kwa maana hata mafundi wengi huteleza papo hapo. Gari la namna hii haliruhusu uniti zote 12 zitumike. Kompyuta huacha akiba chini, ili betri isikauke kabisa na kuharibika, na kwa sababu injini na mota husaidiana hata baada ya chaji ya ukutani kwisha. Kinachotumika ni kama theluthi mbili au robo tatu. Kwa upande mwingine, si umeme wote uliopita katika mita unaofika katika betri; sehemu ya kumi au zaidi hugeuka joto ndani ya chaja. Ukiyaweka yote mawili pamoja, gari jipya la ukubwa ule hunywa ukutani karibu uniti 10. Hiyo 10 ndiyo inayolinganishwa na 5.5 yetu: mita kwa mita. Betri ilikuwa imebaki na uwezo wa kama 55 kwa mia.

Wapo wanaopima kwa saa badala ya uniti. Husema: zamani lilijaa kwa saa 4, sasa linajaa kwa saa 3, basi limepoteza robo. Kwa mji wetu kipimo hicho hakifai. Katika volti 220, waya wa ampea 10 huleta kilowati 2.2, jioni, kila nyumba inapopika na volti zikashuka hadi 190, waya ule ule huleta kilowati 1.9. Betri ile ile itachelewa kujaa, na mwenye gari atadhani imepata ujana.

Sasa petroli. Mwaka 2017, gari lilipofika, kitabu cha dereva kilionyesha kwamba katika kilomita 40 za siku, 35 zilikwenda kwa umeme na 5 kwa injini. Siku 22 zikafanya kilomita 110 za injini. Gari lile likienda kwa injini mjini hula lita 8 kwa kilomita 100, kwa hiyo ni lita 9. Ongezeni lita 17 za safari ya Gitega: ndizo zile 26. Mwaka 2025 umeme ulikwisha kwenye kilomita ya 22. Zikabaki 18 za injini kila siku, kilomita 396 kwa mwezi, lita 32 karibu. Gitega nayo ikapanda hadi 18, kwa kuwa gari lilianza mlima na akiba ndogo zaidi. Tumefika 50.

Kitabu kilisema 58. Mpelelezi akamgeukia dereva, akamwuliza kuhusu usiku ambao umeme ulikatika. Mzee yule akafungua kurasa za nyuma za kitabu chake, na hapo tukaona kwamba kila asubuhi aliyolikuta gari halikuchajiwa aliweka msalaba mdogo kwa kalamu nyekundu. Mwezi ule ilikuwa misalaba 3. Siku 3 bila umeme ni kilomita 66 zaidi za injini, lita 5 na kitu. Zikabaki kama 3. Hizo hatukuzipatia hesabu kamili. Twajua kwamba gari likisubiri mkubwa nje ya mkutano, kiyoyozi kikivuma na chaji imekwisha, injini huwaka na kuzima yenyewe, na dakika hizo hakuna aliyeziandika. Mhasibu alitaka tuandike kwamba lita 3 "zinapotea". Mpelelezi alikataa, akaandika: lita 3, sababu haijapimwa. Nilimheshimu kwa sentensi ile.

Mkuu wa idara hakuridhika upesi. Alikuwa na hoja moja ya mwisho: akienda Gitega, injini huwaka kabla ya kilomita ya 13, wakati Bugarama bado iko mbali juu. Kwake hiyo ilikuwa dalili ya betri iliyokufa, na alikwisha kuandaa barua ya kuliondoa gari katika kazi.

Tuutazame mlima ule. Bujumbura iko kando ya ziwa, kama mita 800 juu ya bahari. Bugarama iko karibu mita 1,400 juu zaidi, katika mwendo wa kama kilomita 35. Kuinua gari la tani 2 pamoja na watu wake mita 1,400 hutaka nguvu ya karibu uniti 7 na nusu. Hiyo ni kazi ya kuinua pekee. Bado msuguano wa magurudumu, bado upepo, bado joto linalopotea katika mota. Gari lile, hata lilipotoka kiwandani likinukia rangi, lisingefika Bugarama kwa umeme peke yake. Anayetaka kujua afya ya mzee hampimi kwa kumpandisha mlima ambao hata kijana ungemshinda. Kwa hiyo kipimo kifanywe daima katika barabara ile ile, na tambarare ndiyo yenye haki.

Mlima huo una jambo jingine, na hili nawaomba polisi wa barabarani mlitege sikio. Gari la namna hii likishuka, mota hugeuka kuwa jenereta, hulizuia gari na kurudisha umeme katika betri. Betri iliyopungua hujaa mapema, hata kabla ya kufika mjini. Ikijaa, hukataa kupokea, na kile kizuizi ambacho dereva alikizoea hupungua. Hapo kazi yote hurudi kwa injini na breki za kawaida, katika mteremko ule ambao malori yake na baiskeli zake mnazijua kuliko mimi. Dereva aliyefundishwa hili hutoka Bugarama polepole tangu mwanzo. Na ajali ikitokea, nyaya nene za rangi ya chungwa chini ya gari zina mamia ya volti; zisikatwe na mtu asiyejua, hata kama injini imezimika.

Betri huzeekaje? Kwa sababu mbili, na hazitengani. Moja ni kazi: kila kujazwa na kumwagwa huacha utando mwembamba ndani, na lithiamu iliyonaswa humo hairudi kazini. Betri ndogo ya haibridi humwagwa yote karibu kila siku, ilhali betri kubwa ya gari la umeme mtupu humwagwa kidogo kidogo. Sababu ya pili ni umri wenyewe, ambao joto huuharakisha. Mwaka 2012, wenye magari ya Nissan Leaf katika jimbo la Arizona, jangwani huko Marekani, walilalamika kwamba betri zao zilikuwa zikipungua upesi kuliko za wenzao wa mahali pa baridi, na baadaye kampuni ikatoa dhamana ya uwezo wa betri. Bujumbura si jangwa, lakini hatuna msimu wa baridi unaoipa betri pumziko. Mchana wetu hukaribia nyuzi 30 mwezi hadi mwezi. Gari lililojaa chaji hadi juu na kuachwa juani tangu asubuhi hadi saa 10 jioni huzeeka hata bila kwenda popote. Gari la idara ile liliegeshwa hivyo miaka 8. Mwembe ulikuwepo uani. Chini yake paliegeshwa pikipiki ya mhasibu.

Kwa nyinyi mnaotaka kununua, neno langu ni hili. Muuzaji atakuonyesha mistari yote ya betri ikiwaka kijani, na pengine atakwambia kwamba kompyuta "imesafishwa". Kompyuta ikifutwa kumbukumbu huweza kusahau uzee kwa siku chache. Betri yenyewe haisahau. Mwombe akuachie gari usiku mmoja, na mita yako. Akikataa, umekwisha kupata jibu. Fundi wa Buyenzi mwenye chombo cha kusoma kompyuta anaweza kukusomea pia uwezo uliobaki na kukuonyesha kama seli moja inalegea kuliko nyingine, jambo ambalo mita haiwezi kulionyesha. Lakini asifungue sanduku la betri kama hakufundishwa kazi hiyo. Ukiisha kupata idadi ya uniti, ndipo upatane bei, ukijua kwamba betri mpya ya gari kuukuu aghalabu hugharimu fedha zinazokaribia bei ya gari lenyewe.

Narudi kwa mkuu wa idara na barua yake. Tulimwomba afanye hesabu moja kabla ya kutia sahihi. Betri ile iliyobaki na 55 kwa mia bado ililibeba gari kilomita 22 kila siku bila petroli. Siku 22 ni kilomita 484, na kwa gari lile ni kama lita 39 zisizonunuliwa kila mwezi, katika mwaka wa misururu. Kama gari lingetolewa na mahali pake pakawekwa la petroli tupu la ukubwa ule, matumizi yasingeshuka kutoka 58. Yangepanda kuelekea 100. Aliisoma karatasi mara mbili. Kisha akaichana ile barua, lakini ile ya dereva hakuichana mara moja. Aliiweka kando, akasema ataizungumza na mhasibu.

Ilichukua majuma 3 jalada kufungwa. Katika majuma hayo dereva alikuwa akija kazini kila asubuhi na kukaa kwenye benchi la walinzi bila funguo. Aliporudishiwa, hakuna aliyemwomba radhi mbele yangu. Pengine waliomba faraghani. Mpelelezi alikuwa amekwisha kuhamia jalada jingine. Nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba kitabu cha safari kilipigwa mstari mpya upande wa kulia, na juu yake pakaandikwa kwa mwandiko ule wa shule: "Uniti". Siku ya kwanza ya kila mwezi gari hupimwa usiku katika mita ile, taa zimezimwa. Nilipopita uani mara ya mwisho mstari ule ulikuwa na nambari 4, zote zikianza na 5, na gari lilikuwa chini ya mwembe.